Dakika za Shangazi

Shangazi alikuwa amepoteza kusikia kwa sikio moja muda mrefu kabla mtu yeyote nyumbani hajang'amua, maana mtu anayesema kutwa nzima hana nafasi ya kuonekana kwamba hasikii. Alisimulia akipika, akasimulia akifua, akasimulia hata kwenye simu iliyokwisha kukatika. Aliyegundua ni mke wa Tulia. Siku hiyo alimwita akiwa upande wake wa kushoto, sahani mkononi. Akamwita tena. Akamwita kwa sauti ya kumwitia mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kimya. Ikabidi azunguke mpaka upande wa pili.

“Shangazi, nimekuita mpaka koo limekauka.”

“Umeniita? Mimi nilidhani umeninunia.”

Walicheka, lakini jioni mke alimweleza mumewe, na mumewe akasukuma sahani kando. Kumbe naye alikuwa ameona mambo akayapuuza: jinsi Shangazi alivyoshika ukuta kila akiinuka kitini, na jinsi alivyolalamika kwamba kuna mtu anapiga mluzi humu ndani na hataki kujitokeza.

Tulia halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Lilikuwa jina la kazini. Alikuwa mpiga picha wa MRI katika hospitali kubwa ya mji wao, ile mashine ya sumaku yenye tundu refu ambamo mgonjwa hulazwa huku ikigonga na kukoroma kama mafundi bati wamevamia paa. Kutwa alikaa nyuma ya dirisha la kioo, mdomo karibu na kipaza sauti, akisema neno lile lile: “Tulia, mama. Tulia, mzee wangu. Tunakaribia.” Wagonjwa hawakumjua kwa jina jingine. Alikuwa akikutana nao sokoni, mtu na kikapu chake, wanamwita kwa furaha, “Tulia! Habari za siku!” naye anaitika.

Huyo Shangazi ndiye aliyemlea. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, baba yake akamkabidhi kwa dada yake na kwenda kutafuta kazi mbali, akawa mtu wa kuja na kuondoka. Kwa hiyo Shangazi alikuwa mama, alikuwa baba, na siku za mitihani alikuwa pia polisi.

Daktari wa masikio alimpima, akakuta sikio la kulia zima na la kushoto limefifia mno. Akataka apigwe picha ya MRI, ili ijulikane kama kuna kitu kimekaa kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Shangazi hakushtuka hata kidogo.

“Mashine si ya mwanangu?” alimwambia daktari. “Basi hiyo ni kama kulala nyumbani.”

Wiki ile alimtangazia kila mtu aliyepita mlangoni kwamba anakwenda kupigwa picha na mwanawe, bure kabisa, wala hana wasiwasi, mwanawe ndiye mwenye ile mashine. Tulia alijaribu kueleza kwamba mashine ni ya hospitali. “Usijishushe, baba,” alijibiwa.

Siku ilipofika, alimlaza mwenyewe. Akamwekea hedfoni masikioni, mto chini ya magoti, na juu ya uso akamfunikia kile kifaa cha kupokea picha ambacho wenyewe kazini wanakiita kikapu, kwa sababu kichwa hukaa ndani yake kama nazi. Akampa kipira cha mkononi cha kubonyeza akizidiwa.

“Na yule aliyelala hapa kabla yangu,” Shangazi aliuliza kutoka ndani ya kikapu, “alitoka salama?”

“Ametoka, yuko nje anavaa viatu.”

“Ulimwona kwa macho yako?”

“Nilimwona, Shangazi. Sasa usitikisike.”

Kipimo cha kichwa pale hospitalini kilikuwa kimoja kwa wote. Mwenye sikio, mwenye kifafa, mwenye kuumwa kichwa, wote walipitishwa njia ile ile: picha kutoka juu, kutoka ubavuni, kutoka mbele, kisha za masikio, kisha sindano ya dawa ya kung'arisha picha, kisha za masikio tena. Dakika arobaini, mtu akitulia kama jiwe. Shangazi hakuwa jiwe. Picha ya kwanza ilipotokea kwenye skrini ilikuwa kama uso wa mtu ndani ya beseni lililotikiswa.

Tulia akabonyeza kipaza sauti. “Shangazi, unaongea?”

“Siongei. Nasali.”

“Sali kimoyomoyo.”

“Mungu wangu mimi nimemzoesha sauti.”

Akaahidi kunyamaza. Mashine ikaanza tena, na haikufika mbali kengele ya kipira ikalia. Tulia alipomvuta nje na kumvua kikapu, alitegemea kukutana na maneno. Alikutana na uso uliolowa. Shangazi alikuwa analia bila sauti, mkono umekibana kile kipira kama vile ndicho kinachomzuia asianguke.

“Nimejaribu, baba,” alisema.

Katika maisha yake yote Tulia alikuwa hajamwona analia. Alimfunga kilemba chake taratibu, akamkalisha kitandani mpaka kizunguzungu kikaisha.

Walijaribu tena baada ya siku kadhaa. Safari hii mke wa Tulia alisimama ndani akimshika miguu, Shangazi akafungwa kitambaa machoni ili asione lile tundu. Akavumilia picha ya kwanza, akavumilia ya pili. Ya tatu akakohoa, ya nne kizunguzungu kikamzidi akiwa amelala hivyo hivyo, kipira kikalia. Wakafikiria kumlaza kwa dawa ya usingizi. Daktari wa usingizi akauliza anavyolala nyumbani, na mke wa Tulia akaeleza bila kuficha: anakoroma mpaka vyombo vinatikisika kabatini, kisha ananyamaza kabisa, mpaka unainuka kwenda kumtazama. Daktari akatikisa kichwa. Mtu ambaye pumzi humkatika usingizini, alisema, hawezi kumlaza ndani ya tundu lile kwa ajili ya picha tu.

“Basi tuache,” Shangazi alisema walipofika nyumbani. “Sikio moja linatosha. Kwanza mambo mengi ya dunia hii nilisikia kwa bahati mbaya.”

Alisema hivyo huku ameshikilia ukingo wa meza, na hakuendelea na hadithi nyingine. Nyumba ikawa kimya. Kimya hicho ndicho kilichomkosesha Tulia raha kuliko picha zote zilizoharibika.

Kesho yake kazini alikuwa anamhudumia mzee mmoja mwenye mgongo, akisema “tulia” kwa mdomo huku akili iko kwingine, ndipo lilipomjia jambo ambalo lilikuwa mbele ya pua yake. Siku zote alikuwa anatafuta namna ya kumtuliza Shangazi kwa dakika arobaini. Hakuwa amejiuliza kwa nini ziwe arobaini.

Wa kuulizwa alikuwa Daktari wa picha, yule anayesoma picha zote na kuandika majibu. Alikuwa mwanamke mdogo kwa Tulia kiumri, mwenye tabia ya kuvua viatu chini ya meza akiwa anasoma, na hakupenda njia za mkato. Tulia alimsubiri amalize chai.

“Dokta, nina ombi. Na ni la nyumbani.”

Daktari aligeuza kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo unataka nimpunguzie kipimo kwa sababu ni shangazi yako.”

“Kwa sababu hawezi, Dokta.”

“Kaka Tulia, picha nyingi ni macho mengi. Nikipunguza picha napunguza macho. Kitu kikijificha pembeni nikakikosa, utaniambia nini? Shangazi yako ataniambia nini?”

Tulia alikuwa anainuka aende zake, aibu imemshika kwa kuleta mambo ya ukoo kazini, Daktari alipomrudisha kwa swali.

“Daktari wa masikio anauliza nini hasa?”

“Anauliza kama kuna kitu kimekaa kwenye mshipa wa kusikia.”

“Hilo tu?”

“Hilo tu.”

Daktari akainamia skrini, akafungua picha za mgonjwa wa siku nyingi, akapita moja baada ya nyingine mpaka akafika kwenye ile iliyokatwa vipande vyembamba sana katikati ya masikio. Katika picha hiyo maji ya kichwani hung'aa meupe kama maziwa, na mshipa wa kusikia huonekana umepita ndani yake kama uzi mweusi. Kitu kikikaa kwenye uzi huo hakina pa kujificha.

“Swali la sikio linajibiwa na hii,” alisema polepole, kama anayebishana na nafsi yake. “Hizi nyingine zinajibu maswali ambayo hakuna aliyeuliza.” Kisha akamtazama. “Lakini sikiliza. Sitafanya kwa shangazi yako peke yake. Kama picha moja inatosha, itamtosha kila mwenye swali hilo. Kama haiwatoshi wengine, na yeye haimtoshi. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, Dokta.”

“Basi kavute kiti.”

Kwa siku kadhaa, wagonjwa wakiisha, wawili hao walikaa pamoja. Tulia alitafuta vipimo vya zamani vya watu walioletwa kwa tatizo la sikio, akamfungulia Daktari ile picha moja tu, nyingine zote zimefichwa. Daktari alitazama, akasema: kipo, hakipo, kipo. Ndipo wakafungua picha zote na majibu ya zamani kulinganisha. Kila aliposema kipo, kilikuwepo. Kila aliposema hakipo, hakikuwepo. Mara moja moja alikunja uso na kusema hana uhakika, na wakakubaliana kwamba wagonjwa wa namna hiyo ndio wangeitwa warudi kwa kipimo kirefu. Hakuona haya kusema hajui, na Tulia alimpenda kwa hilo.

Ikabaki kuifupisha picha yenyewe, maana hata peke yake ilikula karibu dakika kumi. Hiyo ilikuwa kazi ya Tulia. Alipunguza eneo mpaka likabaki lile la masikio tu. Kisha akaiagiza mashine iruke baadhi ya mistari inapokusanya picha, kompyuta ijaze pengo kwa kulinganisha yale yanayopokewa na kila upande wa kikapu. Ukiruka michache, unapata picha safi kwa muda mfupi. Ukiruka mingi, unapata alichokipata Tulia jaribio la kwanza.

“Hii siyo picha,” Daktari alisema. “Hii ni mchanga.”

Alihitaji kichwa cha kujaribia. Akalala mwenyewe, mwenzake wa zamu akaketi kwenye kipaza sauti akifurahi kupita kiasi. “Tulia, Tulia,” alisema yule mwenzake, akacheka hadi akakohoa.

Kwa miaka yote aliyofanya kazi ile, Tulia hakuwahi kulala mle ndani kama mgonjwa. Kikapu kilipofunikwa tu, pua ikaanza kumwasha. Ilimwasha kama haijawahi kumwasha tangu azaliwe. Akajikuta anahesabu meno yake kwa ulimi, jambo ambalo siku zote aliwakataza watu. Lakini kelele hazikumtisha. Kilichomtisha ni pale mashine iliponyamaza kabla ya kuanza picha nyingine. Hakuna aliyesema kitu. Dari iko karibu na pua, na wazo linaingia, huwezi kulizuia, kwamba pengine wamekwenda kula, wamekusahau. Alijua fika hawakumsahau, mwenzake yuko pale kwenye kioo. Moyo ukamwenda mbio hata hivyo.

Alitoka mle mpole kuliko alivyoingia, na mwenye haya kidogo. Alikuwa amewaambia watu wengi neno moja, akawaacha na kimya chote kilichobaki.

Wakarekebisha, wakarudia, akalala tena, na tena. Mwishowe ikapatikana picha ambayo Daktari aliikagua kona hadi kona. Ilichukua chini ya dakika nne.

“Una masikio mazuri, kaka,” alisema. “Ubongo sijaangalia, hakuna aliyeuliza.”

Kumrudisha Shangazi hospitali ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote.

“Nimeaibika mara mbili mbele ya watu,” alisema. “Ya tatu ya nini?”

“Safari hii ni muda mfupi, Shangazi. Ni kama kuchemsha chai.”

“Chai ya nani? Mkeo akibandika chai watu wanakua, wanaoa.”

“Nasikia!” mke aliitika kutoka jikoni.

“Nimesema usikie.” Kisha akamgeukia Tulia. “Ukinidanganya nitakuchapa, baba. Na uzee wangu huu, nitakuchapa.”

Akaenda. Tulia akamlaza, akamwekea hedfoni, akamfunika kikapu, na kabla hajatoka akainama.

“Leo sikuulizi kitu, wala usinijibu. Mimi ndiye nitakayesema mpaka mwisho.”

“Wewe useme?” Macho ya Shangazi yalikuwa na hofu, lakini mdomo ukataka kucheka. “Haya. Hilo nalitaka.”

Alirudi nyuma ya kioo, akakaa, na kwa mara ya kwanza hakujua aanze wapi. Hakutaka kumchekesha, kwani kicheko kingeharibu picha. Mashine ikaanza kugonga. Akakikaribia kipaza sauti.

“Shangazi, siku baba aliponileta kwako, ulinipokea ukiwa na ufagio. Sikukusalimia. Unakumbuka sikuzungumza kwa muda gani? Watu walisema mtoto huyu bubu. Wewe hukuniuliza kitu. Ulikuwa unafagia, unaniambia habari za fundi cherehani na mkewe. Unaosha vyombo, unaniambia bei ya nyanya. Ukizima taa unaendelea gizani, unaniambia kesho tutafanya nini na nini. Mimi nilikuwa sijibu. Nilikuwa nageukia ukutani. Ulidhani sisikii.”

Mwenzake wa zamu alikuwa ameacha kuchezea simu.

“Nilikuwa nasikia yote, Shangazi. Nilikuwa nangoja uendelee. Ukinyamaza kidogo nilikuwa naogopa, nadhani na wewe umeondoka. Kisha nasikia umeanza tena, basi nalala. Sijawahi kukwambia. Sasa nakwambia, na usijibu. Lala hivyo hivyo. Tumevuka nusu.”

Kupitia kioo aliona miguu ya Shangazi, ndani ya soksi za bluu alizonunuliwa na mke wa Tulia. Haikutikisika. Hata kidole. Akaendelea kusema, akataja fundi cherehani, akataja vyombo, akasema lolote lililomjia, mpaka mashine ikanyamaza. Akasema bado, hata katika kile kimya, “Nipo, Shangazi. Nipo hapa,” na picha ikatokea kwenye skrini.

Ilikuwa safi. Maji meupe kama maziwa, kulia uzi mweusi mwembamba, mzima mwanzo hadi mwisho. Na kushoto, kwenye uzi wa kusikia, kitu cheusi kidogo cha mviringo kama punje ya dengu.

Tulia alikiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Kidole chake kilikuwa bado kwenye kitufe cha kipaza sauti.

“Umeweza, Shangazi,” alisema, na sauti haikubadilika. Ilimgharimu, lakini haikubadilika. “Umeweza kabisa. Nakuja.”

Alipomvua kikapu, nywele za Shangazi zilikuwa zimelowa kandokando ya masikio. Alikuwa amelia wakati wote, machozi yakashuka pembeni bila kichwa kutikisika.

“Bubu wangu,” alisema, akamshika shavu.

Si kazi ya mpiga picha kutoa majibu, na Tulia hakuyatoa. Alimwita Daktari, ambaye alitazama, akamgusa bega, kisha akavaa viatu vyake na kwenda mwenyewe kukaa kwenye benchi karibu na Shangazi, upande wa kulia. Akamweleza kila kitu. Kipo kivimbe kidogo kwenye mshipa wa kusikia. Kwa umbo lake na mahali kilipokaa, aina hii karibu kila mara si saratani. Hukua polepole sana, na vingine havikui kabisa. Daktari wa masikio atakuwa anakifuatilia, na kikianza kusumbua ipo tiba.

Shangazi alisikiliza yote bila kukatiza, jambo ambalo mke wa Tulia alilisimulia baadaye kwa mshangao.

“Kwa hiyo nina mpangaji,” alisema mwishowe.

“Unaweza kusema hivyo, mama.”

“Ndiye anayepiga mluzi?”

“Ndiye.”

“Na nitakuwa nakuja kulala humo kila mara, kumkagua?”

“Kila baada ya muda. Kipimo hiki hiki kifupi.”

Shangazi akafikiri. “Hicho nakiweza,” alisema.

Tangu hapo wenye swali la sikio wakawa wanapigwa picha ile moja. Benchi la nje likapungua watu, kwani mahali alipokuwa anapita mmoja sasa wanapita kadhaa, na wale wenye kuhitaji kipimo kirefu hawakungoja mpaka jioni. Daktari akaanza kuuliza maswali yale yale kuhusu magoti, kisha migongo. Tulia alikuwa akimwona anakuja koridoni na kujua siku haitaisha mapema. Naye akaacha ile tabia ya kunyamaza kati ya picha na picha. Alisema chochote, habari za mvua, habari za mpira, na wenzake wakalalamika kwamba amekuwa msemaji.

Mwaka ulipopita, Shangazi alipigwa picha nyingine. Kile kivimbe kilikuwa vile vile, hakijaongezeka. Alipoambiwa hivyo alimshika Daktari mkono, akatangaza kwamba Jumapili Daktari anakuja kula nyumbani kwao, na hakutaka kusikia habari za kazi nyingi.

Daktari akaja, na keki mkononi, akavua viatu mlangoni. Shangazi alimkalisha karibu naye, akampakulia, akamwongezea kabla hajamaliza, akamuuliza wazazi wake wako wapi, analala saa ngapi, na kwa nini amekonda hivyo. Tulia na mkewe walitazamana. Mezani hakuna mwingine aliyepata nafasi ya kusema neno mpaka jua lilipohamia ukuta wa pili, na Daktari alipoaga, Shangazi alimsindikiza hadi getini, akasimama naye pale, na maongezi yakaanza upya.